Nguvu Iko, Breki Je?



Kuna wanaonung'unika kwamba kijana wa kanisa akishinda Jumamosi gerejini akifufua pawa soo za zamani anapoteza wakati. Mimi sikubali. Ukichukua Stihl 070 iliyokwama, ukaifungua kipande kwa kipande, ukasafisha kabureta, ukabadilisha ringi za pistoni mpaka ikanguruma tena, umefanya kazi ya mikono na ya subira. Hata Sanbalati aliwacheka waliojenga ukuta kwa mawe yaliyoungua.

Shida yangu ni hii. Mnatoboa eksozi, mnapanua matundu ya silinda, mnatafuta nguvu zaidi kwenye injini ambayo tayari ni cc 106. Na 070 za zamani hazina breki ya cheni! Ncha ikigonga gogo vibaya, mashine inakurukia usoni kabla hujapepesa jicho. (Tena ukitoboa eksozi bila kurekebisha kabureta, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, pistoni inaungua. Umerudi pale pale.)

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliagiza paa la nyumba mpya lizungushiwe ukuta, mtu asianguke. Kwa maoni yangu, mashine isiyo na breki iwashe, ifurahie mlio wake, uirudishe kwenye rafu. Ya kukata miti iwe yenye breki, nawe uvae helmeti na suruali ya kukinga cheni.

Jumamosi nitapita hapo gerejini, ndugu. Nionyeshe breki kwanza, chai baadaye.