Joto Huhama, Udongo Haubanduki

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Msemo huo umezoeleka katika mawaidha ya malezi, lakini katika enzi hii ya ongezeko la joto, unamhusu pia mkulima wa Homa Bay na Migori.

Ni jambo lisilopingika kuwa joto linapopanda, mimea nayo huhama. Mbegu zinazobebwa na upepo, ndege na binadamu hustawi palipokuwa na baridi mno kwazo hapo awali, ilhali mimea iliyosalia nyuma hudhoofika. Kwa kuwa halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6 katika kila mita 1,000 za mwinuko, wapo wanaoamini kwamba zao lililoshindwa ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kwenye mita 1,134 hivi, litapona likipandishwa milimani. Rai hiyo ina upungufu mkubwa. Joto huhama, udongo haubanduki.

Katika Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, umetanda udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mtama na pamba huuvumilia, lakini mahindi huathirika upesi mizizi inapokosa hewa. Juu ya bonde hilo ipo milima ya Gwassi, mabaki ya volkeno ya kale. Huko kuna ubaridi, lakini miteremko mingi ina mawe na udongo haba. Katika kaunti ya Migori nako, sehemu nyingi zina udongo mwekundu wenye asidi. Asidi hiyo huyeyusha alumini inayodumaza mizizi, na fosforasi hufungwa isiweze kufyonzwa. Mmea waweza kupata joto na mvua ya kutosha, na bado ukafa njaa.

Isitoshe, udongo una uhai. Soya ikipandwa mahali pageni hukosa bakteria waishio mizizini mwake, ikashindwa kujitengenezea naitrojeni. Hali kadhalika, misonobari iliyopelekwa Puerto Rico katika karne ya 20 ilidumaa hadi ilipopatiwa kuvu wa mizizi yake.

Kinachotisha zaidi ni kwamba magugu hayana masharti hayo. Kiduha, ambacho Waluo hukiita kayongo, hufyonza mizizi ya mahindi na mtama, na hushamiri hasa katika udongo uliochoka. Mbegu zake hudumu ardhini kwa miaka mingi. Hivyo basi, shamba lililopuuzwa hukataa mmea anaoutaka mkulima na kumkaribisha adui yake.

Hata hivyo, tiba ipo, na imefanyiwa kazi papo hapo Homa Bay. Katika kituo cha utafiti cha ICIPE kilichoko Mbita, wanasayansi walikuza kilimo cha kuchanganya mahindi na desmodiamu. Mizizi ya mmea huo huotesha mbegu za kiduha na kuzuia gugu hilo lisijishikize kwenye mahindi. Aidha, huongeza naitrojeni. Baadaye zilichaguliwa aina zinazostahimili ukame zaidi. Hapa udongo na hali ya hewa vilitibiwa kwa pamoja.

Yafaa serikali za kaunti zijifunze kutokana na mfano huo. Kabla ya kugawa mbegu mpya au miche ya misitu, zipime udongo wa kila eneo, ziwasaidie wakulima kupata chokaa ya kilimo panapohitajika, na zieleze matokeo kwa Kiswahili, Kidholuo na Kikuria. Ripoti asiyoielewa mwenye jembe haimwepushii hasara. Mkulima mdogo hana misimu ya kufanyia majaribio. Msimu mmoja ukiharibika, karo hukosekana na chungu hulala kitupu. Kumwambia ahamishe mazao pasipo kumwonyesha udongo utakaoyapokea ni kumtuma safari bila masurufu.