MAONI YETU: DEBE LA MAHINDI KWA AJILI YA MASIKA



Karatasi iliyopita iliishia kwa mbuzi kabla wengi hawajaisoma. Safari hii tumeibandika juu zaidi. Asiyeweza kuisoma amwite mtoto yeyote wa darasa la tano amsomee, na amsikilize vizuri, maana habari yenyewe ni ya mtoto huyo.

Mvua za masika zinaelekea ukingoni. Mahindi yamebeba, siku si nyingi tutakula ya kuchoma, na baada ya hapo kila mtu atasahau. Ndiyo maana tunaandika sasa. Mwezi wa Agosti ghala likishajaa hakuna anayekumbuka Aprili, na Aprili ikifika tena hakuna mwenye debe la kutoa. Tumekwenda hivyo mwaka hadi mwaka.

Wiki ya pili ya Aprili baadhi yetu tulipanda shuleni kutazama bati lililong'olewa na upepo. Tulikwenda kwa ajili ya bati, tukarudi na jambo lingine. Mvua ilikuwa inapiga juu ya paa kiasi kwamba mwalimu hasikiki hata na mtoto wa dawati la mbele. Akaacha kusema, akawa anaandika ubaoni, na watoto wanasoma kwa midomo bila sauti, kama watu wanaosali. Chaki yenyewe imelowa unyevu, inateleza. Lakini darasa lilikuwa linaendelea! Tulisimama mlangoni tukiona fahari, kusema kweli.

Halafu ikagongwa ile rimu ya gari, saa sita na nusu. Watoto wakatawanyika kwenda nyumbani kula. Kula nini? Nyumbani mlango umefungwa, mama na baba wako bondeni wanapalilia, chungu kimefunikwa juu ya majivu ya jana. Wa hapa karibu walizungukazunguka, wakatafuna embe bichi, wakarudi wachache. Wa kitongoji cha ng'ambo hawakurudi kabisa. Na tusiwalaumu. Mto wetu mnaujua. Asubuhi maji yako magotini, mchana mvua ikishanyesha huko juu Uluguru yanafika kifuani, rangi ya kahawia, yanakokota magogo kwenda Ruvu. Mtoto akivuka saa sita kwenda kula, mzazi mwenye akili hawezi kumruhusu avuke tena saa nane kurudi darasani, halafu avuke mara ya nne jioni.

Tulihesabu waliokuwa darasani mchana ule. Hatuandiki hesabu hiyo hapa ukutani, maana kijiji ni kidogo na kila mmoja atajua mtoto wa nani hakuwepo. Tunasema tu kwamba na wa kwetu, sisi tunaoandika, walikuwa miongoni mwa wasiokuwepo. Wengine tuliwaacha shambani wenyewe, na jembe mkononi, tukajisemea ni siku mbili tatu tu. Magugu hayangoji, ni kweli. Lakini siku mbili zikawa wiki, na wiki ikazaa nyingine.

Mtihani wa darasa la saba unafanywa Septemba. Toka Machi mpaka Mei ndipo yanapofundishwa mengi ya kuujibu. Baadaye matokeo yakija tunakaa chini ya mwembe tunasema walimu hawafundishi. Ni walimu gani watafundisha madawati?

Na masika siyo msimu wa kukaa bure kwa shule ya kijijini. Ni msimu ulio na mafunzo mengi kuliko yote. Nendeni mkaone kopo waliloliweka juu ya kigingi kupimia mvua. Kila asubuhi mtoto wa zamu anatia rula, anaandika milimita kwenye daftari, na wa darasa la sita wanajumlisha wiki kwa wiki. Shamba la shule wamepanda kwa kamba, sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shimo hadi shimo, halafu mwalimu akawauliza: eka moja itaingia mashimo mangapi? Hebu jibu wewe uliyelima miaka thelathini. Watoto wale wale ndio wanaokagua kiini cha muhindi mmoja mmoja kutafuta kiwavijeshi vamizi, yule mdudu aliyegunduliwa nchini mwaka 2017. Wanamjua kwa alama yake ya kichwani iliyo kama Y iliyogeuzwa. Wazee wengi tumejifunza alama hiyo kwa wajukuu wetu, tusione haya kukiri.

Wenye umri wanakumbuka kwamba jambo hili siyo geni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe jamaa ya watu wanaojifunza na kufanya kazi pamoja, na shamba liwe sehemu ya masomo. Baadaye tuliliharibu wenyewe. Katika shule nyingi shamba likawa mahali pa adhabu: umechelewa, kalime matuta matano, umepiga kelele, kapalilie kwa mwalimu. Mtoto wa namna hiyo atapendaje jembe? Leo shamba letu limerudi kuwa darasa, na tunawapongeza walimu. Lakini darasa la shambani pia halisomwi na tumbo tupu.

Basi, pendekezo letu ni hili. Kila kaya ya mwanachama, wakati wa mavuno, itoe debe moja la mahindi makavu. Debe hilo lihifadhiwe katika ghala la ushirika, lisiguswe mpaka Machi, na lipikwe shuleni mchana katika kipindi cha masika peke yake. Hatusemi mwaka mzima. Mwaka mzima utatushinda, tutaanza kwa shangwe na kuacha Juni. Tunasema miezi ile ambayo vihenge ni vitupu na mto umejaa.

Tumepiga hesabu kwa kijiti chini, nanyi pigeni. Debe la mahindi lina kilo 18 hivi. Mtoto mmoja akipikiwa gramu 120 kwa siku, debe linatoa sahani 150. Ukiondoa mapumziko, Pasaka, Muungano na Mei Mosi, siku za shule katika masika ni kama 50. Kwa hiyo debe moja linalisha watoto watatu kuanzia mvua ya kwanza hadi ya mwisho. Debe moja! Kuna wenzetu wanaomaliza zaidi ya hilo kwa pombe ya ngoma moja. Mbaazi na kunde za kuchanganya zitoke shamba la shule, tupate makande.

Tunajua yatakayosemwa, maana yamekwisha kusemwa kisimani.

La kwanza, eti elimu ni bure, serikali ndiyo ilishe. Ndugu, mpango wa elimu bila malipo ulianza Januari 2016, nasi tulifurahi. Lakini fedha ya uendeshaji iliyowekwa mpango ulipoanza ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Ukizigawa kwa siku 194 za masomo unapata shilingi 51 na kitu kwa siku, ambayo hata andazi hainunui. Mwaka ule ule 2016 wizara ilitoa waraka wa kufafanua kwamba chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Wengine watakumbusha kwamba Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni. Alipiga, na alikuwa na sababu, kwani watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Jambo hilo na sisi tunalikataa kabisa. Debe hili halidaiwi na mwalimu wala halikusanywi na shule. Ni uamuzi wa wanachama wenyewe katika mkutano wao, na mtoto ambaye kwao hawakutoa atapewa sahani sawa na wengine.

Hapo ndipo wengine wanapochemka: kwa nini nimlishie mzembe? Tunawaelewa. Kupe wapo, tunaishi nao, tunawajua kwa majina. Lakini anayekula siyo kupe, ni mtoto wake. Mzazi mzembe aitwe na mkutano aulizwe mbele ya watu, mtoto aachwe ale. Na kuna asiye mzembe ila hana. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa robo eka, huyo atoe nusu debe, au mzigo wa kuni, au zamu ya kupika. Kuni nazo ni mchango mkubwa kuliko mnavyodhani. Aprili kuni zote ni mbichi, na moshi wa jiko la shule ungewatoa machozi hata walioko ng'ambo. Zikusanywe Januari na zipangwe chini ya paa.

La pili ni la wale wasio na watoto shuleni. Kwao tuna swali moja. Kitabu cha mizani pale ghalani, ufuta ukipimwa, nani anakisoma? Nani anagundua kwamba karani ameandika 47 badala ya 74? Mwaka wa juzi aligundua kijana aliyemaliza shule hii hii, akasimama, akasahihisha, na mwenye ufuta wake alikuwa mzee asiye na mtoto hata mmoja shuleni. Mzee huyo yupo, muulizeni.

La tatu ndilo zito, nasi hatutalikwepa. Watu wanasema mahindi yataibiwa. Wanakumbuka magunia ya kamati ile ya zamani, yaliyoingia ghalani yakiwa kumi na mawili na kutoka saba, na maelezo tuliyopewa eti ni panya. Panya gani anayekula na gunia lake? Kidonda hicho hakijapona, na anayesema tusahau hatutendei haki. Sisi tunapendekeza hivi: debe la kupimia liwe moja, lenye alama ya rangi, wala siyo lile lililobonyezwa chini. Ghala liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza ghala na mwingine kwa mama mmoja atakayechaguliwa na akina mama wenyewe. Kila debe linaloingia liandikwe hapa hapa ukutani na jina la mtoaji, na kila linalotoka liandikwe tarehe na idadi ya watoto waliokula siku hiyo. Ukuta huu una nafasi. Wino tutanunua.

Kuhusu wadudu tuwe waangalifu. Dumuzi, wengine wanamwita Scania, alionekana nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Tabora na tangu hapo hajatuacha. Kwa miezi saba anaweza kugeuza gunia kuwa unga. Kwa hiyo mahindi yapokelewe yakiwa yamepukuchuliwa, yapetwe, yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kufungwa kabisa. Na yawe makavu kweli. Mtu asituletee yaliyolowa eti ni ya watoto tu. Mwaka 2016 watu walikufa huko Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ya unyevunyevu yatarudishwa hapo hapo mlangoni, mwenye kuona aibu na aone.

Kuna waliotushauri kwamba ingekuwa rahisi kukata fedha katika malipo ya ufuta. Ni rahisi, ndiyo, kwa anayekata. Sisi hatukubali makato yoyote ambayo mkutano mkuu haukuyapitisha, hata yakiwa kwa jambo jema, kwa sababu mlango ukifunguliwa kwa jambo jema hutumika baadaye kwa mengine. Debe mtu analibeba mwenyewe, analiona likimiminwa, anaona jina lake likiandikwa.

Kuhusu mto, chakula hakitajenga daraja, tunajua. Lakini mtoto akila shuleni anavuka mara mbili badala ya nne. Na jioni, siku za maji mengi, awepo mtu mzima kivukoni. Kitongoji cha ng'ambo wameshajipangia zamu ya baba wawili wawili, na tunawashukuru. Upande huu bado tunatazamana. Wavulana wanaokaa kibandani pale na bao tangu saa tisa wangeweza kuanza kesho, mto uko hatua chache tu kutoka walipokaa.

Jambo hili litaletwa katika mkutano wa Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya ghala. Mwenyekiti ametukubalia liwe la kwanza, kabla ya hesabu za ufuta, kwa sababu hesabu zikishaanza watu hawasikii tena lingine. Tunawaomba akina mama waje kwa wingi na waseme, wasikae nyuma na kunong'onezana kisha wakatukosoe njiani. Mwalimu mkuu ataleta daftari la mvua la mwaka huu na daftari la mahudhurio, yakiwa pamoja, ili kila mtu atazame mwenyewe siku zilizonyesha na madawati yaliyokuwa wazi.

Anayepinga naye aje. Aje na hesabu yake.

Na atakayebandua karatasi hii kufungia tumbaku, jina lake litatoka toleo lijalo.

Kamati ya Gazeti la Ukutani