Spika mpya, redio ya zamani: pima omu kwanza

Gari la babu limetoka gereji linang'aa, lakini redio yake ya kiwandani inakoroma kwa sababu karatasi ya spika imechanika. Baba ananunua spika nzuri dukani na kuifunga Jumamosi, watoto wanashangilia. Wiki chache baadaye redio inakufa kabisa.

Mara nyingi redio haina kosa. Kila spika ina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Spika nyingi za magari ya leo ni za omu 4. Baadhi ya za zamani zilikuwa na zaidi: redio nyingi za Delco, zilizofungwa kwenye magari ya General Motors ya Marekani miaka ya 1960, zilitengenezwa kwa spika ya omu 10. Omu zikipungua, umeme mwingi unapita na transista inayosukuma spika inachemka hadi inaungua. Kuipata nyingine ya aina hiyo si kazi ndogo.

Kwa hiyo fundi aivue spika ya zamani na kuipima kwa mita kabla hamjanunua mpya. Asishangae mita ikisoma chini kidogo. Spika ya omu 8 inaweza kuonyesha 6 au 7. Spika mbili za omu 4 zikiungwa kwa mfululizo zinakuwa omu 8. Zikiungwa sambamba zinakuwa 2, na hapo redio haina maisha. Isiwashwe bila spika pia, hata kwa kujaribu tu.

Wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi zisikubabaishe, mzazi, maana redio hizo hutoa wati chache. Tafuta spika yenye usikivu wa desibeli 90 au zaidi. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, nusu ya nguvu inatosha kutoa sauti ileile.

Masikio ya watoto yanahusika hapa. Gari kuukuu lina kelele za injini na upepo, na spika isiyolingana humfanya dereva aongeze sauti hadi ikwaruze. Mkilazimika kupiga kelele ili msikilizane na aliyeketi jirani, punguzeni. Na fundi akipendekeza spika ya pili kwenye kibao cha nyuma ya kiti, mkatalie: hapo ni karibu kabisa na visogo vya watoto. Aifunge mbele, chini ya dashibodi.