Mwacheni karani asimame

MTAZAMO WA WIKI
Na Paulina Sulle, Babati

Tangu Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati ikawa makao makuu, kazi za kukaa zimeongezeka mjini hapa: ofisi za mkoa, halmashauri, mahakama, benki, na vibanda vya uwakala kila kona. Ofisi za umma hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Karani wa masjala au mhasibu anaweza kuumaliza muda wote huo akiwa ameinuka mara mbili au tatu tu, kwenda msalani na kwenda kula. Jioni anatoka ameshika kiuno, na tumezoea kusema ni umri. Nasema sehemu kubwa ya maumivu hayo inaweza kupunguzwa hapo hapo kazini, kwa kumruhusu mfanyakazi abadilishe mkao mara kwa mara na kumpa meza itakayomwezesha kufanya hivyo.

Shirika la Afya Duniani linayataja maumivu ya mgongo wa chini kuwa sababu inayoongoza ya ulemavu duniani. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuwa watu milioni 619, na makadirio ya mwaka 2050 ni milioni 843. Kwa wagonjwa tisa kati ya kumi hakuna ugonjwa mahususi wala jeraha linaloweza kutajwa kuwa ndicho chanzo. Ndiyo maana waajiri wengi wa nchi tajiri wamekimbilia meza za kupanda na kushuka, ambazo mtu huziinua akitaka kusimama na kuzishusha akitaka kukaa. Katika utafiti mmoja wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, wafanyakazi wa ofisi waliopewa meza hizo kwa wiki nne walipunguza kukaa kwa dakika 66 kwa siku, na maumivu ya shingo na mgongo wa juu yakapungua kwa asilimia 54. Meza zilipoondolewa, nafuu karibu yote ilipotea ndani ya wiki mbili. Lakini walioshiriki walikuwa wachache, na kilichopona zaidi ni shingo, si kiuno. Taasisi ya Cochrane ilipokusanya tafiti 34 mwaka 2018 ilikuta kwamba meza hizi hupunguza kukaa kwa takriban dakika 100 kwa siku ya kazi, ila ikaonya kuwa ubora wa ushahidi ni mdogo na manufaa yake kwa afya bado hayajathibitika vya kutosha. Nayataja haya mapema ili nisimuuzie mtu meza kama dawa.

Ushahidi unaonishawishi zaidi umetoka kwa jirani zetu. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, walivalishwa vipima mwendo na watafiti kutoka Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Mtu angetarajia kwamba watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi hawatulii. Wanatulia karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa nchi zenye viwanda. Tofauti iko kwenye mkao. Wanakaa chini, wanachuchumaa, wanapiga magoti, na vipimo vilionyesha kuwa misuli ya miguu ya aliyechuchumaa inaendelea kufanya kazi kuliko ya aliyekaa kitini. Utafiti ule ulilenga moyo na afya ya mwili kwa jumla, haukupima mgongo, lakini unatuonyesha kiti kinampokonya mtu nini: ile kazi ndogo ndogo ya misuli isiyokoma hata wakati wa mapumziko. Kwa upande wa mgongo wenyewe, kwa miaka mingi madaktari walifuata vipimo vya Msweden Alf Nachemson vilivyoonyesha kwamba kukaa huikandamiza diski, ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, kuliko kusimama. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake nchini Ujerumani walipima upya na hawakuona kwamba kukaa kwa kawaida kunazidi kusimama. Basi kiti peke yake hakistahili lawama yote. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, chakula chake hupenya kutoka kwenye mifupa inayoizunguka, na kubadilisha mkao huisaidia kazi hiyo. Misuli nayo ikishikilia umbo moja kwa saa nyingi huchoka, hata kama umbo lenyewe ni zuri.

Hapa ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote linapoingia. Wahudumu wa maduka yetu, wapishi wa mama lishe na walimu darasani wanasimama kutwa, na wao pia wanaumwa migongo na kuvimba miguu. Ni kweli kabisa. Huko Ontario, Kanada, utafiti uliowafuatilia wafanyakazi zaidi ya 7,000 kwa takriban miaka 12 uligundua kwamba wale wa kazi za kusimama walipata magonjwa ya moyo karibu mara mbili ya wale wa kazi za kukaa. Anayemwondolea karani kiti na kumsimamisha saa nane atakuwa amembadilishia maumivu tu. Kwa hiyo ninachokidai kwa ajili ya karani nakidai pia kwa ajili ya msichana wa dukani: yeye apewe stuli nyuma ya kaunta, na asionekane mvivu anapoikalia wakati hakuna mteja. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoitishwa Uingereza lilishauri watu wa ofisini waanze na saa mbili za kusimama na kutembea ndani ya siku ya kazi, zikigawanywa vipande vipande, kisha wasogee taratibu hadi saa nne. Fundi cherehani hawezi kushona akiwa amesimama, lakini anaweza kukata vitambaa na kupiga pasi kwenye meza iliyoinuka, na kuipanga siku yake ili kazi hizo zipishane na kushona.

Gharama ni pingamizi la pili, na kwa meza za umeme ni la haki, kwa sababu huko zinakouzwa hugharimu dola mamia kabla ya usafiri na ushuru. Lakini Babati haikosi mafundi seremala. Meza ya kawaida ya ofisi ina kimo cha takriban sentimita 75. Kisanduku imara cha mbao chenye kimo cha sentimita 30 kikiwekwa juu yake kinaifikisha kwenye viwiko vya watu wengi waliosimama, na kiwiko ndicho kipimo: fundi ampime mtumiaji mwenyewe. Anayetumia kompyuta mpakato aongezewe kibodi ya pembeni, na kioo kiinuliwe kikabiliane na macho, vinginevyo kiuno kitapona na shingo itaanza. Hata kila mtumishi asipopata chake, meza moja ya kusimamia kwa kila ofisi, ya kusomea majalada, kusaini na kupokea simu, inatosha kuanzia. Na anayeumwa mgongo huku miguu inakufa ganzi au anashindwa kuzuia mkojo asihangaike na meza. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kilicho kigumu kuliko mbao ni mazoea. Katika ofisi nyingi aliyesimama huhesabiwa kuwa ameacha kazi, na mwananchi aliyeko kwenye foleni anaweza kukasirika akimwona mhudumu ananyoosha mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko yasiyopungua dakika 60 anapofanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Kwa njaa na uchovu kipimo hicho kinafaa. Kwa mgongo ni kirefu mno, maana mgongo unahitaji dakika mbili kila baada ya nusu saa kuliko saa nzima mchana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ailinde afya ya watu wake, na mgongo ni sehemu ya afya hiyo. Wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) wanapoingia ofisini waulize pia viti na meza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Wakurugenzi wa halmashauri na mameneja wa matawi ya benki mjini hapa watenge fedha za meza moja ya kusimamia kwa kila ofisi, na pamoja nayo watoe waraka wa mstari mmoja: mtumishi anaruhusiwa kufanya kazi akiwa amesimama.