Mtoto Apimwe Mara ya Pili



Barua imetufikia kutoka Marekani. Aliyeiandika ni mama wa Uvira, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, nchini Tanzania, kabla ya kuvuka bahari na wanawe. Mtoto wake wa tatu ana miaka 10. Shule ilimpima, ikasema ya kuwa akili yake ni pungufu na ya kuwa yafaa awekwe katika darasa la peke yake. Mama alitia sahihi kwenye karatasi asizoweza kuzisoma. Lakini nyumbani mtoto huyo huyo ndiye ahesabuye fedha inayorudishwa dukani, naye humsimulia nyanya yake hadithi ndefu pasipo kusahau neno. Mama auliza: je, ni haki mtu kama yeye kuwapinga walimu?

Swali hili twalifahamu. Sisi tuliolelewa katika shule za misioni tulifundishwa kumwamkia mwalimu na kunyamaza. Alilolisema mwalimu, hata baba hakulipinga. Heshima hiyo ilitujenga, wala hatuidharau. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulisema wazi ya kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi mama aulizaye hamvunjii mwalimu heshima. Anatimiza kazi aliyoipokea siku mwanawe alipobatizwa.

Tena sheria ya Marekani yenyewe yamtegemeza. Tangu sheria ya mwaka 1975 juu ya elimu ya watoto wenye ulemavu, mzazi asiyekubaliana na uchunguzi wa shule ya serikali aweza kuomba uchunguzi mwingine, ufanywe na mtaalamu asiye mtumishi wa shule, na malipo yasitoke mfukoni mwake. Wakubwa wa shule wakiisha kupata ombi hilo, njia zao ni mbili tu: kulipa, au kwenda bila kukawia mbele ya mwamuzi ili waonyeshe ya kuwa uchunguzi wao ulikuwa mwema. Waweza kumwuliza mama sababu zake, wala hawawezi kumlazimisha azieleze. Haki hii ni ya mara moja kwa kila uchunguzi wa shule. Mwamuzi akiona shule ilipima vema, mama bado aweza kumpeleka mtoto kwa mtaalamu mwingine, ila hapo atalipa mwenyewe. Sahihi aliyokwisha kuitia haimnyimi haki hiyo, lakini asikawie.

Sisi tungeuliza kwanza: mtoto alipimwa kwa lugha gani? Mwaka 1970, huko California, kesi ilipelekwa mahakamani kwa ajili ya watoto 9 wa asili ya Meksiko, waliosema Kihispania nyumbani kwao. Walikuwa wamewekwa katika madarasa ya wenye akili dhaifu kwa sababu ya vipimo vilivyofanywa kwa Kiingereza. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walionekana kuwa hapo hapakuwa mahali pao kamwe. Siku hizi sheria ya nchi nzima yaagiza mtoto apimwe kwa lugha yake iwezekanapo, asihukumiwe kwa kipimo kimoja tu, wala asihesabiwe kuwa mlemavu kwa sababu ya kutojua Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa kambini akionyeshwa picha ya chombo asichokiona maishani mwake, naye akanyamaza, je, iliyopimwa ni akili au ni ugeni?

Hata hivyo tusijidanganye. Yawezekana mtaalamu wa pili naye aone shida ya kweli. Wapo watoto wenye akili kali wanaoshindwa kuunganisha herufi. Wapo wasiosikia vema, na nyumbani hakuna aliyetambua. Hapo mafundisho ya pekee ni msaada, si aibu, na baba asiifiche taarifa sandukuni kwa kuwaogopa majirani. (Akina baba wa namna hiyo tumewaona.) Shule nayo yalazimika kuifikiria taarifa ya pili, ijapokuwa hailazimiki kufuata kila neno lake.

Basi mama asiende kulalamika kwa mdomo mlangoni pa shule. Aandike, hata kwa maneno machache: “Mimi ni mzazi wa mtoto huyu. Sikubaliani na uchunguzi wa shule. Naomba uchunguzi wa mtaalamu asiye wa shule, kwa gharama ya serikali, naye awe anajua kumpima mtoto asemaye Kiswahili. Nipeni habari za mahali anapoweza kupatikana.” Atie tarehe, na nakala moja ibaki nyumbani. Aombe pia taarifa nzima ya uchunguzi wa kwanza.

Siku ya mkutano shule itafute mkalimani. Hiyo ni kazi yake kwa sheria. Dada yake mkubwa asitumiwe, maana atayameza maneno machungu ili asimwumize mama. Na karatasi nyingine zikiletwa, mama azichukue kwanza nyumbani akasomewe. Sahihi yaweza kungoja.