Hakuwa na mke mwenza, ilikuwa sukari (sehemu ya 3)

Nimechelewa, wiki yote nilikuwa zamu ya usiku, mniwie radhi. Wengi mmenidai niendelee na habari ya shoga yangu wa Mji Mkongwe. Kaniruhusu niandike, ila jina hapana, mtaa hapana, na kazi ya mumewe hapana.

Kwa ambao hawakusoma za nyuma: shemeji alipimwa sukari miaka minane iliyopita ikakutwa iko juu. Akameza vidonge mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Akahamia kwenye mlonge na habasoda. Juzi juzi ndio kaletwa hospitali, kidole gumba cha mguu kimekuwa cheusi na sukari 24.

Leo naomba tukiache kidole kwanza. Shoga yangu mwenyewe kanambia, "Andika lile jengine, kuna wanawake wanaumia kama nilivyoumia mie."

Mwaka juzi alikuja kwangu analia. Mumewe kabadilika. Kitandani hamgusi, akiguswa anageuka ukutani. Usiku anaamka mara nne, mara tano, anatoka chumbani, anakaa huko. Ukimuuliza anakuwa mkali. Shoga yangu akawa na uhakika kuna mwanamke, na pengine keshaoa. Akaanza kunyemelea simu. Mara mbili alitaka kurudi kwao.

Mimi nesi, nimekaa pale namsikiliza, najua mumewe aliwahi kupimwa sukari, najua anaamka usiku. Unajua nilimwambia nini? "Subiri, fanya subira, wanaume ndio walivyo." Nikamtilia chai.

Mtu sukari yake ikipanda, figo zinaitoa kwenye mkojo, na sukari inatoka na maji. Ndio maana mtu anakojoa usiku kucha, anashikwa na kiu, anakunywa, anakojoa tena. Hili nimelifundisha kwa wagonjwa mara ngapi sijui. Lakini lilipokuja na machozi ya shoga yangu mbele ya kikombe cha chai sikulitambua, nililiona la ndoa tu.

Na lile la kitandani ni hivyo hivyo. Sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Ile ya macho, ile ya figo, ile ya nyayo, na ile ya nguvu za kiume. Kwa wanaume wengi hii ya mwisho inajitokeza mapema, kabla hata kidonda hakijatokea mguuni. Ingekuwa ni alama ya kumkimbiza mtu akapime, lakini ndio alama ambayo mwanamme yuko radhi afe nayo. Hamwambii mke, hamwambii daktari, kwenye baraza la kahawa ndio kabisa. Anaenda kununua vidonge vya kichochoroni ambavyo hajui ndani mna nini, na kama ana moyo au presha vinaweza kummaliza.

Kwa hiyo rai yangu mimi, na wenzangu wa kazini mnisamehe: tuache kuwauliza hawa wanaume "unatumia dawa?" peke yake. Wanajibu ndio na wanaondoka. Tuwaulize na la chumbani, mlango umefungwa, kwa heshima. Kaka zetu manesi wanaume mngetusaidia sana hapa. Na nyinyi mashoga, mwenzenu akikwambieni mume kabadilika, kabla ya kumtafuta mke mwenza ulizeni: anakunywa maji sana? Anakonda? Nyayo zinamchoma au zina ganzi? Asubuhi kabla hajala kitu, kipimo kikisoma 7 au zaidi, na kikarudiwa siku nyengine kikasoma vilevile, hicho ni kisukari.

Haya, kidole. Shemeji alikuwa hana hisia nyayoni. Alikanyaga kitu, hakujua. Kidonda hakikumuuma, basi kwake hakikuwa kidonda. Wiki tatu anatembea nacho. Daktari aliposema kidole kitolewe, ukoo ukakaa kikao. Ami mmoja akasema, "Mkikubali kidole, kesho watafika gotini." Neno hili nimelisikia wodini mpaka nimechoka nalo. Wanaofika gotini wengi wao ni wale waliokaa vikao wiki mbili wakati uchafu unapanda kwenye mfupa. Kikao chetu kilichukua siku tatu. Kidole kimetolewa, mguu umebaki, alhamdulillahi. Figo bado tunaziangalia.

Halafu wanakuja watu kumtizama mgonjwa. Mmoja kaleta halua. Wallahi, halua! Mwengine maboksi ya juisi. Mwengine kaleta asali na tende, anasema hizi zina baraka. Zina baraka kweli, na zina sukari, damu haitofautishi. Na kila anayekaa pale kitandani anamgeukia mke: "Na wewe ulikuwa unampikia nini?" Shoga yangu mwalimu wa skuli, anaamka alfajiri, anapika, anafundisha, anakuja hospitali, anarudi kupika. Mumewe mtu mzima alificha cheti chake cha kliniki ndani ya droo miaka minane. Kosa likawa la wali wa nazi.

Sasa wamerudi nyumbani, na nyumba yenyewe mnazijua za Mji Mkongwe, ghorofa ya tatu, ngazi zimesimama wima. Kila siku ya kusafishwa kidonda vijana wanne wanamteremsha na kiti cha plastiki, wanamtoa kwenye vichochoro mpaka gari lilipo. Vijana hao wanatafutwa na nani? Na yeye. Nauli, yeye. Kumtizama nyayo kila usiku na taa ya simu, katikati ya vidole, yeye.

Tulichofanya sisi mashoga watano ni kujigaia. Mmoja ana Jumatatu na vijana wa kiti. Mmoja anachukua watoto baada ya chuoni. Mimi nina Ijumaa: naenda, namfunga bendeji, halafu namwambia mke akalale saa mbili na nafunga mlango wa chumba chake. Mara ya kwanza alikataa. Nikamwambia shemeji yuko na nesi, unaogopa nini? Alilala saa nne.

Alipoamka akatukuta mimi na mumewe tunazungumza. Nilikuwa nimeshamwuliza lile la chumbani. Alinyamaza muda mrefu, akatizama bendeji, halafu akasema, "Nilidhani akijua ataniacha." Nikamwambia hayo si ya kunambia mimi. Nikatoka barazani kufunika chungu, na nikamsikia shoga yangu anavuta kiti karibu na kitanda.

Sehemu ya 4 in shaa Allah nitaandika habari ya macho, maana nimeulizwa sana. Msiniulize nyumba yao iko wapi.