Tuziokoe njia za baiskeli za Mutuka kabla ya bikoni

KUTOKA BABATI
Na Fidelis Amnaay

Lami imetufaa sana sisi watu wa Babati, na safu hii haitamani zama za vumbi. Aliyewahi kwenda Dodoma kupitia Kondoa miaka ile anajua basi kukwama masika, abiria wakashuka kusukuma na wengine wakalala njiani. Tarehe 27 Aprili 2018, barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa pale Bonga, mji wetu uligeuka kuwa njia panda ya kweli. Magari ya Arusha, ya Singida na ya Dodoma yote yanakutana hapa, na barabara yenyewe ni kipande cha ile njia ndefu ya Cape Town hadi Cairo. Mkulima wa mbaazi anauza kwa haraka zaidi, mgonjwa anafika hospitali mapema. Tushukuru kwa hilo.

Ila mwenye baiskeli hakupangiwa mahali pake. Mtazame muuza maziwa anayeingia mjini alfajiri, madumu mawili yamefungwa kwa mpira kwenye keria, moja kila upande. Basi linapiga honi nyuma yake, lori linakuja mbele. Hana pa kwenda ila kushuka nje ya lami, na kingo za lami yetu sehemu nyingi zimelika, zimeacha ngazi ya kimo cha kiganja. Tairi la mbele likidondoka pale na mzigo ule, usukani unamponyoka. Akiwa na bahati anamwaga maziwa tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wapita kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hao ndio sisi.

Sasa iache lami, ingia Mutuka. Kwenye karatasi Mutuka ni mji, kata ya Halmashauri ya Mji wa Babati sawa na Bagara au Maisaka. Kwa macho ni mahindi, mbaazi na alizeti, na ng'ombe wanaorudi jioni. Mlima Kwaraa, wenye zaidi ya mita 2,400, unakuwa nawe kila unapoinua kichwa. Njia ni mistari miwili iliyochongwa na magurudumu ya trekta na mikokoteni ya punda, katikati majani. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, udongo mwekundu unakuwa mgumu na baiskeli inateleza juu yake bila kelele. Gari linaweza kupita moja, likatokomea, na usilione jingine kwa muda mrefu. Pikipiki zipo, lakini dereva wake ni kijana wa hapo hapo, anakusalimia akipita. Mtoto anayejifunza kuendesha, mama anayepeleka mahindi mashineni, mwanafunzi anayewahi kengele, wote wanatumia njia hiyo bila kugeuka nyuma kila dakika kuangalia kinachokuja.

Raha hiyo ina gharama zake, na ni vizuri tuziseme. Miiba ya migunga haimhurumii mtu. Kila anayeendesha baiskeli upande ule anamjua fundi wa chini ya mti: anatoa tyubu, anaipuliza, anaizamisha kwenye karai la maji mpaka mapovu yaoneshe tundu lilipo, anakwangua, anapaka solusheni, anasubiri ikauke kidogo, anabandika kiraka na kukigonga kwa nyundo. Penye udongo mweusi wa mbuga, mvua moja inatosha kufunga gurudumu kwenye madigadi, ukaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Na ukielekea Ziwa Babati, uwe umerudi kabla jua halijazama, maana giza likiingia viboko hutoka majini kwenda malishoni, na kiboko hampishi mtu.

Najua wako watakaosema baiskeli ni chombo cha mtu asiye na uwezo wa kununua pikipiki, na kwamba kuizungumzia ni kuturudisha kwenye zama za baiskeli za Swala, Phoenix na Avon. Wenye fikra hiyo waangalie dunia inakokwenda. Marekani, katika mji mdogo wa Emporia jimboni Kansas, tangu mwaka 2006 kuna mbio za baiskeli zinazopita kwenye barabara za mashambani zisizo na lami, katikati ya malisho ya ng'ombe, kilomita zipatazo 320 kwa siku moja. Zilianza na watu wachache. Leo washiriki ni maelfu, na wanatoka nchi nyingi. Mwaka 2022 Shirikisho la Baiskeli Duniani liliandaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa dunia wa mbio za barabara za changarawe, huko Italia. Jirani zetu Kenya walianza mwaka 2021 mbio za siku nne ndani ya nchi ya Wamasai kule Mara. Mmoja wa waliozipa uhai ni Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, kijana wa Eldoret aliyetaka wapanda baiskeli wa Afrika Mashariki waonekane. Alifariki Agosti 2022 katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani.

Washiriki wa mbio za changarawe wanaosafiri kutoka mbali wanatafuta udongo mgumu, mlima wa kutazama na barabara isiyo na magari. Sisi tunavyo vyote vitatu, na hakuna aliyevichora hata kwenye ramani ya mkono. Ukiunganisha Mutuka na vijiji vya jirani, unaweza kuuzunguka mji ukiwa na Kwaraa upande mmoja na Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, ukiwa mbele yako. Ukiwa na pumzi unaelekea kusini magharibi hadi misitu ya Duru-Haitemba.

Hapo Duru-Haitemba nataka tukae kidogo, kwa sababu pana somo kuhusu nani anatunza kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu ule wa miombo kuwa hifadhi yake. Wananchi walipohisi wananyang'anywa, wengine waliwahi kukata na kulima kabla mipaka haijawekwa. Kilichouokoa msitu ni kukabidhiwa kwa vijiji vyenyewe, vinane, miaka ya katikati ya muongo huo: wakaweka sheria ndogo zao, walinzi wao na mipaka yao. Ni takriban hekta 9,000, na mfano huo ulikuja kuigwa katika usimamizi shirikishi wa misitu nchini kote. Wananchi walitunza kilichoandikwa kuwa chao.

Njia za Mutuka hazijaandikwa kuwa za mtu yeyote, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mji unapanuka. Mashamba yanakatwa viwanja, wapimaji wanasimika bikoni za mipaka, na kila mwenye eneo anataka futi zake zitimie. Barabara ya mtaa ya magari inachorwa, ni sawa. Ila ile njia iliyokatiza kutoka mashineni hadi shuleni, iliyopitiwa na miguu, mifugo na baiskeli tangu enzi za babu, haimo kwenye mchoro. Siku ukuta wa kwanza ukijengwa, njia imekufa. Mwanafunzi anarudishwa kwenye barabara kuu, pembeni ya lori. Hakuna aliyekusudia mabaya. Hakukuwa na mtu wa kumwambia mpimaji kwamba hapa watu hupita.

Kuzuia hilo hakuhitaji mradi wa mabilioni. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ina mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000 nchini, sehemu kubwa ikiwa udongo na changarawe, na sitaidai lami kwa ajili ya baiskeli. Baiskeli haihitaji lami. Inahitaji upana wa mita nne uliolindwa kwenye ramani, kalavati mahali korongo linapokata njia, na mitaro midogo ya kuyatoa maji pembeni kabla hayajafuata alama za matairi na kuchimba shimo. Hilo la maji tulichukulie kwa uzito mkubwa. Ni mkoa wetu huu uliozika ndugu zetu wa Katesh baada ya tope kushuka kutoka Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Njia iliyo chini ya mlima lazima ichorwe na mtu aliyeyaona maji yakishuka, na wazee wa Mutuka wanajua kila mkondo.

Hata kandokando ya barabara kuu nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na wengi wetu tuliijua sheria hiyo kupitia alama ya X nyekundu kwenye kuta za nyumba zilizotakiwa kubomolewa. Ardhi hiyo tayari ni hifadhi ya barabara. Greda linapokuja kusafisha mitaro, lipitishwe mara moja zaidi, mbali na lami, lisawazishe njia ya udongo ya upana wa mita mbili. Muuza maziwa atahamia huko siku hiyo hiyo bila kuhimizwa.

Wageni wakija kuendesha baiskeli na kuacha fedha, ni jambo jema. Wenzetu wa Mto wa Mbu, mkoani Arusha, wamekuwa wakikodisha baiskeli kwa watalii kwa miaka mingi na vijana wao wanaishi kwa kazi hiyo. Babati haina sababu ya kushindwa. Lakini hata asipofika mgeni hata mmoja, njia hizi zinastahili kulindwa kwa ajili ya anayepeleka maziwa na anayekwenda shule.

Ombi langu kwa madiwani ni kwamba kabla ya bajeti ijayo njia hizi zitembelewe, zipimwe na ziingizwe kwenye mipango ya mji, kuanzia Mutuka, ambako bado ziko wazi. Na kwako mwenye shamba: upimaji utakapofika mtaani kwenu, usibaki nyumbani ukisubiri namba ya kiwanja. Fuatana na mpimaji, mwoneshe mahali watu wanapopita na baiskeli, na uone njia hiyo imechorwa kwenye ramani ndipo uweke sahihi yako.